Faili Lililoitwa Usifute

Baba yake alikuwa mwendesha projekta wa jumba la sinema kwa miaka thelathini na miwili, na alipofariki aliacha diski mbili nyeusi zimefungwa pamoja kwa raba ya nywele. Ndani yake mlikuwa na filamu mia nne na ushee. Hakuna hata moja iliyoitwa kwa jina lake halisi.

Binti alikuwa mkutubi, na hata nyumbani walimwita hivyo, Mkutubi. Kitabu kikirudishwa rafu isiyo yake, siku hiyo chakula hakimshuki. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anachomeka diski kwenye kompyuta Jumamosi asubuhi, anafungua, anakutana na orodha hii: "Ile ya farasi". "Ile ya farasi nyingine". "Mwizi mwenye kofia". "Ndefu". "Ndefu kipande cha kati". "Ile aliyolia mama yenu".

"Baba!" alisema kwa sauti. "Ndiyo nini hii?"

Mambo yote yalianzia kwenye goti la mama yake. Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji, daktari akamkataza ngazi kwa wiki sita, naye akahamia kwa bintiye, akabebwa hadi ghorofa ya pili, ambako dirisha la chumba chake lilitazamana na paa la jirani. Siku nne alivumilia. Siku ya tano akaanza kuwaelekeza watu wazima jinsi ya kukunja mashuka. Mume wa Mkutubi, fundi umeme, mtu wa maneno machache na nyaya nyingi, aliona afadhali atafute dawa mapema. Akaleta kompyuta ya zamani iliyotupwa na ofisi moja, akaipangusa vumbi, akaiweka chini ya televisheni na kuitia programu ya seva ya filamu.

"Inafanyaje kazi?" Mama aliuliza.

"Unaipa mafaili yako, Mama. Inasoma majina, inaingia mtandaoni kwenye orodha kubwa ya filamu za dunia, inarudi na bango, mwaka, hadithi kwa ufupi na picha za waigizaji. Wewe unakaa na rimoti, unachagua kama uko dukani."

"Na jina likikosewa?"

"Likikosewa, inakuletea ya mwenzako."

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. "Ile ya farasi" ilirudi na katuni ya farasi wa rangi ya waridi wenye mabawa. "Mwizi mwenye kofia" ikageuka kipindi cha mafunzo ya kushona kofia. Video ya harusi ya kaka yake Mama, ambayo marehemu aliiita "Mjomba" tu, ilipewa bango la mwanaume mwenye shoka, na chini yake maelezo kwamba ameua watu saba wa ukoo mmoja.

Mama alicheka mpaka akalishika goti. "Huyo hawajamkosea sana," alisema.

Mkutubi hakucheka. Aliandika kanuni kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya kompyuta: jina kamili la filamu, nafasi, mwaka ndani ya mabano, folda yenye jina hilohilo, filamu ikiwa na vipande viwili, kila kipande kipewe namba yake mwishoni, maoni ya mtu binafsi ni marufuku.

"Hiyo ya mwisho umemwandikia baba yako," mumewe alisema.

Kazi ilikuwa ya kuchosha lakini yenye raha yake. Alifungua faili, akasoma jina la filamu mwanzoni, akaruka mpaka mwisho kutafuta mwaka, akaliandika upya, akabonyeza kitufe cha kuisomesha programu tena, na kisanduku cha kijivu kikajaa bango lake halisi. Kila bango lilipotokea alijisikia kama mtu aliyemrudisha mtoto kwa mama yake. Mama naye alipiga kelele kutoka chumbani, mlango ukiwa wazi nusu, akisahihisha historia: "Hiyo sikulia mimi! Aliyelia ni yeye, na leso alikuwa nayo!"

Jumamosi ya tatu akafika kwenye faili lililoitwa "USIFUTE".

Lilikuwa peke yake ndani ya folda isiyo na jina. Alilifungua. Picha zilikuwa zimepauka na kuelekea wekundu, kama filamu za zamani zinavyozeeka, na mikwaruzo ilishuka kwenye skrini kama mvua. Jina la filamu lilitokea likiwa limeliwa upande mmoja; neno lililosomeka ni "Mpangaji" tu. Akaandika hivyo, akasomesha. Programu ikamletea nyumba yenye mizuka na damu ikichuruzika ukutani, filamu ya juzijuzi.

"Siyo hii," alijisemea. Akarudi kwenye picha, akawa anaruka mbele dakika chache chache, akitafuta kitu cha kumsaidia.

Dakika ya kumi na moja mlango ulifunguka juu ya ngazi. Mwanamke kijana akatoka amebeba ndoo, akashuka hatua tatu, akasimama. Akainua nyusi ya kushoto kabla ya kusema neno.

Mkutubi akaacha kuruka mbele.

Nyusi ile aliijua. Ameiona ikiinuka kila alipochelewa kurudi kutoka shule, kila alipovunja kikombe, kila alipodanganya. Akaona na mwanya wa meno ya mbele. Halafu yule mwanamke akasema, "Kama ni barua, leteni. Kama ni maneno, rudini nayo," na sauti ilikuwa ileile iliyokuwa ikimwita kutoka chumbani tangu asubuhi, ila changa.

"Njoo," alimwambia mumewe.

Fundi alikuwa juu ya kiti, koleo mkononi, anavuta waya nyuma ya pazia. "Nimalize hii kwan—"

"Njoo sasa hivi."

Alikuja. Alitazama. Koleo likamtoka mkononi likaangukia kidole cha mguu, naye hakuliokota.

"Yule si..."

"Ndiye."

"Mama mkwe wangu?"

"Kwani unao wangapi?" Alijibu kwa ukali.

Wakapunguza sauti, wakatazama filamu nzima wamesimama, bega kwa bega, kama watu wanaotazama nyumba inaungua. Chumbani redio ilikuwa inasoma habari. Filamu ilikuwa ya dakika sabini na nane, na yule mwanamke hakuwa mpita njia ndani yake. Yeye ndiye aliyekuwa filamu yenyewe: mpangaji wa chumba cha juu anayewaandikia barua majirani wasiojua kuandika, mpaka anajikuta anaandika barua za wapenzi wawili wanaogombana, pande zote mbili. Alicheka, alilia, alimkatalia mwenye nyumba, alikaa kwenye ngazi dakika nne nzima bila kusema lolote na usingeweza kuondoa macho. Mkutubi ana miaka arobaini na mitatu. Kwa miaka hiyo yote alimjua mama yake kuwa mkata tiketi wa dirishani pale sinema, basi.

Mwishoni likatokea jina zima, safi: *Barua ya Mpangaji*. Chini yake mwaka, kwa zile namba za Kirumi ambazo mkutubi anazisoma bila kuhesabu vidole: 1979. Kisha ukurasa mweusi na maandishi meupe: "Kwa kumbukumbu yake." Na hapo chini, jina la mama yake. Jina kamili, la kabla ya ndoa.

"Kumbukumbu ya nini?" Fundi alinong'ona.

Mkutubi alivuta kibodi. Akaandika: Barua ya Mpangaji, nafasi, mabano, 1979, mabano. Akaipa folda jina hilohilo. Akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha kisanduku cha kijivu kikafunguka.

Bango halikuwepo. Palikuwa na maelezo mafupi: nakala zote za filamu hii zinaaminika zimepotea, baada ya ghala la wasambazaji kuungua. Chini yake jina la mwongozaji. Chini yake waigizaji, na wa kwanza alikuwa na picha ndogo iliyokatwa gazetini. Mkutubi aliibonyeza. Programu ikampa ukurasa wa mama yake:

Amezaliwa 1956. Amefariki 1979. Alikuwa ndani ya lori lililotumbukia mtoni siku ya mwisho ya upigaji picha. Mwili haukupatikana.

"Mwili uko chumbani unasikiliza taarifa ya habari," Fundi alisema, na sauti yake haikuwa ya utani hata kidogo.

Wakati huohuo redio ilizimwa. "Nyie! Mbona kimya hivyo? Mmevunja nini?"

Kusoma tarehe ya kifo cha mama yako huku yeye mwenyewe anakuita ni jambo ambalo mwili haujui ulipokee vipi. Mkutubi akaenda chumbani. Mama alikuwa ameegemea mito miwili, miwani kichwani.

"Mama, uliwahi kuigiza?"

Mama alimtazama. "Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe. Dakika ya kumi na moja, umeshika ndoo."

"Haiwezekani. Hakuna nakala."

"Ipo."

"Haipo, mwanangu. Baba yako aliirudisha."

"Mama, ipo sebuleni, kwenye televisheni."

Mama alishuka kitandani. Hakuishika fimbo, hakuomba mkono, hakukumbuka kama ana goti. Alitembea mpaka sebuleni na kusimama mbele ya skrini, ambapo Fundi alikuwa amemsimamisha yule kijana kwenye ngazi, mdomo wazi. Wakatazamana, yeye na yeye. Mkono wa Mama ukautafuta ukuta.

"Mwongo mkubwa yule," alisema polepole. Alikuwa anamsema mumewe. "Miaka yote ile! Analala pembeni yangu, anakoroma, kumbe anayo!" Fundi akawahi kumsogezea kiti.

Mkutubi alimwonyesha na ukurasa wa pili, ule wa tarehe. Hapo ndipo alipopata mshtuko mkubwa kuliko wote wa asubuhi ile, kwa sababu Mama alishusha miwani, akasoma mpaka mwisho, na hakushangaa.

"Kumbe bado wanaamini," alisema.

Alisimulia mguu ukiwa juu ya stuli. Watu wa filamu walikuja kutoka mji mwingine. Kila asubuhi waliingia sinema, na mwendesha projekta akawaonyesha walichopiga jana yake. Mwongozaji, kijana mwembamba mwenye haraka, akawa anamtazama Mama kwenye dirisha la tiketi. Siku ya tatu akamuuliza kama anaweza kusoma kwa sauti. Wakapiga picha wiki saba.

"Siku ya mwisho tulikuwa ng'ambo ya mto. Baba yako alikuja kwa baiskeli kuleta masanduku ya mikanda. Kazi ilipokwisha wenzangu wakapanda lori. Mimi nikakaa nyuma ya baiskeli, tukapita njia ya mkato, kimyakimya, kwa sababu nyumbani wangejua nimepakiwa na mwanaume wangenichuna ngozi. Lori likaacha daraja. Dereva akafa, na mshika taa. Mwongozaji alikuwa mbele na gari dogo, akageuza, akavunjika mguu akishuka ukingoni. Orodha ya waliopanda alikuwa ameiandika yeye mwenyewe tangu asubuhi, na jina langu limo."

"Hukwenda kumwambia?"

"Habari ilitufikia siku ya pili. Nikaambiwa ananitafuta mtoni kwa magongo." Mama alisogeza mguu kwenye stuli. "Nilifika hadi kituo cha basi. Nikakaa kwenye benchi. Basi likaja, likajaza watu, likaondoka. Nikarudi."

"Lakini kwa nini, Mama?"

"Alitaka niende nao kupiga filamu nyingine, huko kwao, mwaka mzima. Nilikuwa nimekubali mbele ya watu. Moyoni nilikuwa nimeshamkubali baba yako. Nilishindwa kumwambia mtu yule hapana. Gazeti likaandika nimekufa, likanisemea."

Majirani waliliona gazeti, wakacheka, wakasema magazeti hayo. Hakuna aliyepanda basi kwenda kulisahihisha. Baada ya miaka miwili filamu ilifika sinema. Mwendesha projekta aliitazama peke yake asubuhi, kama ilivyokuwa desturi ya kazi, akashuka akiwa amebadilika rangi na kumweleza mke wake kuhusu ule ukurasa mweusi wa mwisho. Mke akamwambia, irudishe ilikotoka, nisiione. Akasema sawa, kumbe mikanda aliificha, na miaka mingi baadaye akaihamishia kwenye diski.

Siku ile Mama hakutaka kuitazama. Aliomba kurudishwa kitandani.

Mkutubi hakuweza kuvumilia tarehe ile. Ilimkereketa kama kitabu kilichowekwa kichwa chini. Jumatatu aliingia kwenye ile orodha kubwa ya filamu, akajaza fomu ya masahihisho: mwigizaji huyu yu hai. Palipoulizwa chanzo cha habari akaandika, "Yuko nyumbani kwangu, anapona goti."

Jibu lilikuja siku iliyofuata akiwa kwenye kaunta ya maktaba. Halikutoka kwa wenye orodha, lilitoka kwa mtu aliyeuandika ukurasa ule. "Mimi ni binti wa mwongozaji. Baba yangu alimtafuta dada huyu mtoni siku sita akiwa na mguu uliovunjika, na hadi leo anachechemea. Hakupiga filamu nyingine. Naomba muwaheshimu wafu."

Mkutubi akakaa kwenye kile kingazi cha kufikia rafu za juu. Msomaji mmoja alimuuliza kama anaumwa. Akatikisa kichwa, kisha akasoma tena, neno kwa neno. Hadi leo anachechemea. Maana yake mtu yule yu hai.

Jioni alimsomea Mama. Mama akasikiliza akitazama paa la jirani. "Mwambie tupige simu ya picha," alisema. "Mchana, penye mwanga. Nataka anione vizuri."

Walipiga Alhamisi saa saba mchana. Upande wa pili walimkuta mzee wa miaka themanini, kofia ya sufu kichwani, bintiye akimshikia simu. Binti yule alikuwa amekunja uso, tayari kwa ugomvi. Lakini Mama alipotokea kwenye skrini, uso wa binti yule ulikunjuka wenyewe na simu ikayumba.

Mzee alisogea karibu mpaka wakaona jicho moja tu.

"Geuka," alisema hatimaye. "Upande wa kushoto."

Mama akageuka.

"Sema kitu."

"Niseme nini? Umeniambia nigeuke, nimegeuka."

Mzee alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Mikono yake ilipapasa hewani kama mtu anayetafuta pa kushika gizani. "Ulikuwa wapi?"

"Kwenye baiskeli."

"Baiskeli ya nani?"

"Ya mwendesha projekta. Tulioana."

"Ulijua nakutafuta?"

Mkutubi, aliyekuwa kando ya kitanda, alimtazama mama yake na kumwomba kimoyomoyo adanganye. Hapakuwa na shahidi hata mmoja aliyebaki.

"Siku ya pili nilijua," Mama alisema.

Mzee akainuka. Wakaona sofa tupu, wakasikia mlango. Binti yake alirudi kwenye skrini akiwa na machozi. "Baba ametoka," alisema, na simu ikakatika.

Siku kumi hakuna neno. Mama alikula kidogo, akafanya mazoezi ya goti bila kugombana na mtu, jambo lililomtisha kila mmoja nyumbani. "Iacheni tarehe ile ilivyo," alimwambia bintiye. "Kwa yule mtu mimi nilikufa. Sasa amegundua niliamua kufa. Ipi mbaya zaidi?"

Siku ya kumi na moja simu ililia asubuhi, wakati Mkutubi anajiandaa kwenda kazini. Alikuwa mzee, peke yake, simu ameiegemeza kwenye kitu, paji la uso tu ndilo linaloonekana.

"Nimekuja na langu," alisema bila salamu. "Nimekaa nalo miaka arobaini na mitano, sikumwambia mke wangu wala mtoto. Asubuhi ya siku ile dereva alikuja kwangu. Akaniambia mzee, breki zinalegea, nipe siku moja nizitengeneze. Nikamwambia tumalize kwanza, mwanga unapotea. Niliwapandisha kwenye lori nikijua. Nilikutafuta vile mtoni kwa sababu nilijua ni mimi niliyekuua."

Mkutubi alisimama mlangoni, mkoba begani.

"Nilisikia," Mama alisema.

"Ulisikia nini?"

"Nilikuwa nyuma ya turubai navaa. Nilimsikia dereva akikuambia, na nikakusikia ulivyomjibu. Jioni niliogopa kupanda. Ndiyo maana nikamwomba mwenye baiskeli anipakie." Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Niliogopa kwa ajili yangu, nikaokoa nafsi yangu. Sikumwambia mwenzangu hata mmoja. Mshika taa alinipungia mkono kutoka juu ya lori, nami nikampungia."

Mkutubi akashusha mkoba begani. Ile hadithi ya mapenzi na hofu ya wazazi ilikuwa kweli, lakini ilikuwa kifuniko tu, na chini ya kifuniko mama yake alikuwa ameishi na jambo hili, akikata tiketi, akipika, akimsuka nywele, akicheka kwenye sinema. Hata yeye bintiye, wiki mbili zilizopita tu, alipewa kifuniko.

Mzee ndiye aliyeanza kulia, kimya, paji lile likipanda na kushuka. Mama hakulia. Alikuwa anafikiri, nyusi imeinuka.

"Mwishoni mwa filamu uliandika jina langu," alisema.

"Niliandika."

"Ulinikumbuka mimi niliye hai. Wao wawili je?"

Mzee alifuta uso kwa kofia. "Sikuthubutu," alisema. "Ningeandika jina la dereva, mtu angeuliza alikufaje."

"Basi waandike sasa. Aulize atakayeuliza."

Mkutubi alipiga simu kazini akasema atachelewa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na saba. Alikaa kwenye kompyuta chini ya ile karatasi ya kanuni, simu ya mzee ikiwa wazi mezani na Mama kitini pembeni, na wote wawili wakamtajia majina herufi kwa herufi. Mzee alikumbuka la dereva lote. La mshika taa alikumbuka la kwanza tu, Mama akamalizia la baba yake, kwa sababu aliwahi kumwandikia barua ya kweli kwenda kwao, wakati wa mapumziko. Wakaandika kazi zao. Wakaandika mwaka, na breki. Mzee alisisitiza breki ziandikwe, na kwamba mwongozaji aliambiwa. Upande wa pili binti yake, aliyekuwa ameingia bila kusikika na kusimama nyuma ya baba yake, alisikia yote. Alikaa chini pale alipokuwa.

Ni yeye aliyeifuta tarehe ya kifo cha Mama, kwa kuwa ukurasa ulikuwa wake. Mkutubi akasomesha programu tena. Mahali palipokuwa pameandikwa "Amefariki" pakabaki wazi, na mwisho wa orodha ya watengenezaji wa filamu yakatokea majina mawili mapya, kila moja na duara la kijivu lisilo na sura.

"Picha hawana," Fundi alisema.

"Ipo," mzee alisema haraka. "Kama filamu mnayo kweli, ipo. Ni kosa langu la upigaji picha, nilitaka kulikata nikashindwa. Dakika ya sitini na kitu, mpangaji anapofunga dirisha. Tazameni kwenye kioo."

Fundi akaiweka filamu. Mama hakuomba kurudishwa chumbani. Kwa mara ya kwanza alijiona akitembea, akisema, akishika kitasa, na alijitazama kwa uso mgumu kama mtu anayesomewa barua ya ofisini. Walipofika dakika ya sitini na mbili kijana wa kwenye filamu alivuta dirisha, kioo kikageuka, na kwa muda wa kupepesa jicho walionekana watu wawili upande wa pili wa kamera. Mmoja alikuwa ameinua taa kwa mikono yote miwili juu ya kichwa. Mwingine alisimama nyuma yake, kofia ya udereva kisogoni, anatafuna kitu na kucheka.

"Rudisha," Mama alisema.

Fundi akarudisha.

"Simamisha hapo."

Alisimamisha. Mama aliinuka, akaenda mpaka kwenye televisheni na kuweka kidole juu ya kioo, chini ya uso wa kwanza, kisha chini ya wa pili. Kutoka mezani sauti ya mzee iliuliza kama wanaonekana.

"Wanaonekana," Mama alimjibu. "Wote wawili. Dereva anakula."

"Alikuwa anakula saa zote," mzee alisema.